Mchanga Katika Ndagala

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo. Mvua zikizidi, mito yote inaendelea kulimiminia ziwa, na maji yanatafuta pa kukaa kwa kupanda ufukweni. Sisi wa Rumonge, Burundi, hatukulisoma hilo kitabuni. Mwaka 2021 maji yalituingilia nyumbani, na mwaka 2024 yakarudi, kuanzia Gatumba karibu na mpaka wa Kongo hadi kwetu kusini. Mimi ni mmoja wa waliohamishwa na maji hayo. Tulinyanyuka, namshukuru Mungu, na sehemu kubwa ya kunyanyuka kwetu ilitokana na kusimulia vizuri mbele ya wenye fedha, slaidi kwa slaidi, katika chumba cha mikutano Bujumbura. Naeleza tulivyofanya kwa sababu wako wengi wanaopeleka shida ya kweli na kurudi mikono mitupu.

Wazazi wangu walikimbia Rumonge mwaka 1972, mauaji yalipoanza mwishoni mwa Aprili. Mimi nilizaliwa Mishamo, Tanzania, nikalelewa kwa Kiswahili. Tuliporudi mwaka 2009, shamba la michikichi la babu lilikuwa mikononi mwa familia nyingine, yenye watoto waliozaliwa palepale, wasiojua kwao kwingine. Shauri likaisha kwa kugawana, na fungu letu halikutosha kulisha nyumba. Ndipo mama nami tukateremka ufukweni kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, tukajenga karibu na maji kama wenzetu wasio na shamba. Sheria ya maji ya Burundi inataka mita 150 ziachwe wazi kutoka ukingo wa ziwa. Asiye na ardhi huishi pale ambapo bado hajafukuzwa.

Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu. Alfajiri mitumbwi inaingia, akina mama tunanunua kwa ndoo, tunawatandaza mchangani. Mchanga unawashika. Mvua ikinyesha ghafla wanaoza, na mnunuzi akiwatafuna akasikia changarawe anashusha bei. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyosaidia kuleta vichanja vya waya vya kuanikia samaki huko Mvugo, kusini mwa pwani yetu, ilikadiria kuwa karibu asilimia 15 ya samaki walikuwa wakipotea au kuharibika. Kwa hiyo ziwa lilipoumeza mchanga wetu, ushirika wetu wa wanawake haukutaka kuutafuta mchanga mwingine. Tulitaka vichanja, juu zaidi, mbali na maji. Fedha hatukuwa nazo.

Mara ya kwanza tulipokwenda kuziomba, kijana mmoja msomi alitutayarishia slaidi. Zilikuwa za Kifaransa, zimejaa aya za herufi ndogo na majedwali ya bajeti. Maofisa walisoma ukutani huku sisi tukizungumza, wakashukuru kwa adabu, na jibu halikuja kamwe. Ile asilimia 15, ambayo ndiyo roho ya jambo letu, ilikaa mstari wa mwisho wa slaidi iliyobanana. Baadaye nilisoma kwamba chombo cha anga cha Columbia kilipopasuka mwaka 2003 na kuua wanaanga 7, bodi ya uchunguzi ilikuta hatari yenyewe imefichika ndani ya slaidi ya wahandisi, katika vistari vidogo chini ya kichwa cha habari cha kutuliza. Nilielewa mara moja jinsi jambo kama hilo linavyowezekana.

Tukaanza upya, na safari hii nilimrudia mama. Kule Mishamo jioni watoto wa jirani walikuwa wakimiminika kwetu kwa ajili ya hadithi zake. Hakuanza hata siku moja na njaa wala na zimwi. Alianza na mtu na kile anachokitaka. “Sungura hana hadithi mpaka atake kitu,” ndivyo alivyonijibu nilipomuuliza siri yake. Tukatandika mkeka, tukachukua karatasi tupu, kila karatasi ikawa slaidi moja, na akina mama wakaanza kubishana ipi itangulie. Kompyuta ilikuwa imefungwa. Naamini ubishi ule ulikuwa kazi kubwa kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu ndipo tulipokubaliana kwamba hadithi yetu si ya ziwa lililopanda. Ni ya mwanamke anayejua kukausha samaki na amekosa mahali pa kuwaanika.

Ugumu ulikuja kwenye picha. Tulikuwa nayo moja ambayo kila mgeni aliisifu: mwenzetu amesimama kwenye maji hadi kiunoni, analia. Mimi mwenyewe nilitaka iwe ya kwanza. Yeye akasema, “Dada, siku hiyo nilikuwa nimetoka hospitali kumwangalia mume wangu. Sikulilia ziwa. Msiyauze machozi yangu.” Chumba kizima kilinyamaza, kisha mama mwingine akasema kwamba yeye pia amechoka kupigwa picha akiwa tope mwili mzima. Tukaiondoa. Watu wa maafa hupigwa picha kuliko wanavyosikilizwa, na anayetazama picha ya mtu anayelia hutoa blanketi. Sisi tulihitaji mbao na waya, na anayetoa mbao na waya lazima kwanza amwamini fundi.

Basi slaidi ya kwanza ikawa yule yule mwenzetu alfajiri, ameinama juu ya ndoo, anachambua ndagala. Hakuna neno hata moja. Akiitazama, yeye mwenyewe anasimama na kusema: “Huyu ni mimi. Nataka ndagala wangu wafike sokoni Bujumbura bila mchanga.” Zikafuata picha mbili za mchikichi mmoja, zilizopigwa kutoka sehemu moja: mchikichi ukiwa nchi kavu, nyuma yake tumeanika, kisha maji yakiwa katikati ya shina. Hatukuhitaji kueleza. Baada ya hapo ikaja namba 15, peke yake, ikijaza ukuta. Hapo nilibonyeza B kwenye kompyuta, ukuta ukawa mweusi, tukapitisha sahani mbili mkono kwa mkono. Moja ilikuwa na ndagala wa mchangani, nyingine ndagala wa kichanja tulioomba kwa jirani. Maofisa waliwatafuna. Uso wa mtu aliyeuma changarawe hauhitaji jedwali.

Kuhusu namba nimefikiri sana. Watafiti wa Marekani, akina Paul Slovic, walichapisha mwaka 2007 jaribio ambamo watu waliopewa dola 5 waliombwa kuchangia. Waliosoma habari za Rokia tu, msichana wa Mali wa miaka 7, walitoa kwa wastani dola 2.38. Waliosoma takwimu za njaa walitoa 1.14. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa 1.43. Wengine huhitimisha kwamba namba zitupwe. Sikubali. Yule anayetoa fedha za umma lazima ajibu maswali ya mkubwa wake, na bila namba tunamwacha mikono mitupu. Ila namba ije baada ya msikilizaji kumjua mwenye hasara, na iwe moja anayoweza kuirudia kichwani njiani akirudi nyumbani. Bajeti yote tuliiweka kwenye karatasi, tukaigawa mwishoni.

Swali gumu tulilitarajia, na likaja: “Na maji yakirudi, mama?” Tulikwishaamua kwamba jibu nalo liwe ndani ya hadithi. Mwenzetu akaonyesha mchoro wa kichanja kilichofungwa kwa skrubu badala ya misumari, akaeleza jinsi wanawake wanne wanavyoweza kukifungua na kukibeba. Aliongea Kirundi na Kiswahili akichanganya, kama tunavyozungumza sokoni, na hakuna aliyemwomba atafsiri.

Fedha zilizokuja hazikufikia tulizoomba. Zilitosha vichanja vya wanachama walioathirika zaidi. Wengine wakafuata kwa akiba ya ushirika. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda tena tulifungua skrubu kweli, tukapandisha mbao barabarani kwa vichwa, na hatukupoteza waya. Siku ile mwenzetu aliagiza apigwe picha akiwa amebeba ubao. Picha hiyo ndiyo inayofungua slaidi tunazotayarisha sasa, za kuomba ghala. Na akina mama wa Minago, waliotuomba tuwafundishe, tunawaambia wasilete kompyuta siku ya kwanza. Walete mkeka na mtu mmoja aliye tayari kusema anachokitaka.