Kovu Lililofunga Njia

Pikipiki niliyokuwa naendesha iliingia shimoni, nikarushwa mbele na kuangukia tangi kwa msamba. Hakuna mfupa uliovunjika. Kilichoonekana ni matone ya damu kwenye tundu la mkojo, na kibofu kilichojaa kikagoma kutoa.

Hospitalini, daktari hakuruhusu mpira wa mkojo upitishwe njia ya kawaida. Damu ile, alisema, huenda ni dalili kwamba mrija umechanika, na kulazimisha mpira kungeweza kuuchana zaidi. Alitoboa juu kidogo ya kinena akauingiza moja kwa moja kwenye kibofu.

Ndugu waliokuja kunijulia hali waliambiwa nimeumia nyonga. Mtu akivunjika mguu, husemwa mguu. Jeraha langu lilihamishiwa mahali panapotajika. Mke wangu peke yake ndiye aliyemuuliza daktari kama nitaendelea kuwa mume. Daktari alimjibu bila kucheka: tusubiri, tuone.

Mpira ulipotolewa, nilikojoa vizuri. Baada ya miezi michache mkojo ukawa mwembamba kama uzi, kisha matone. Nilikuwa nikisimama chooni nikijikamua hadi jasho linitoke.

Picha ya eksirei ilionyesha njia pana, halafu mahali pembamba mno, halafu pana tena. Mwili ulikuwa umejiponya, na huko kupona ndiko kulikonifunga. Kovu hukaza. Kwenye goti halina neno sana. Ndani ya mrija, kukaza ni kuziba. Wapo wanaofika hospitali figo zikiwa zimeshaharibika, kwa sababu ya haya tu.

Kutanua kusingetosha, kwa kuwa kovu lingeweza kurudi. Nilipasuliwa, nikapandikizwa kipande cha utando laini kutoka ndani ya shavu. Utando wa mdomo umezoea unyevu. Nilikaa tena na mpira kwa wiki tatu, na siku za mwanzo nikawa nakunywa uji uliopoa.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Aliponiuliza nilifanyiwa upasuaji gani, nilimwambia: wa mrija wa mkojo. Nikamwonyesha msamba ulipo. "Ukiangukia hapa ukaona damu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama unatembea vizuri."

Aliinamisha macho. Kisha akasogeza kiti karibu, akauliza, "Kaka, na ndoa?"

Nikamjibu na hilo pia.