Injini Mpya, Breki za Zamani

Wateja wangu wengi wa miaka ile walikuja na lalamiko moja: "Fundi, gari haipandi." Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, na kilima walichokisema ni kile cha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Ukiwa na watalii ndani na mahema juu ya keria, unakaa gia ya pili mpaka abiria waanze kuulizana kama wasingefika mapema kwa miguu. Injini iliyotoka nayo kiwandani, ya petroli, cc 2,286, ilikuwa na nguvu za farasi kama 70. Kwa shamba la Uingereza zilitosha.

Niliingia gereji ya Unga Limited, Arusha, mwaka 1987, kijana wa kushika spana na kuosha vyuma. Spea zilikuwa adimu nchi nzima. Tulichonga, tukachomelea, tukavua kwenye gari lililokufa tukavalisha lililo hai. Mzee aliyenifundisha kazi hakutaka kusikia habari za kubadili injini. Kwake injini inafufuliwa: bloku inapelekwa kuchongwa, inavikwa pistoni za saizi kubwa, gari linarudi barabarani. Lakini miaka ya 1990 injini zilizotumika kutoka Japani zilianza kumiminika, na bei yake ikakaribia gharama ya kufufua ile ya zamani. Hesabu hiyo ndiyo iliyotubadilisha, wala si kupenda mwendo kasi.

Niliyoifunga kuliko zote ni Toyota 3L, dizeli ya cc 2,779, ile ya Hilux na Hiace. Farasi zake ni kama 90. Mtu akisikia nyongeza ni farasi 20 tu huguna, ila msukumo wake unaanzia chini, hujakanyaga sana, na huo ndio unaopandisha mzigo. Tena haina koili wala plagi za kulowa maji ukivuka mto.

Watu hudhani ugumu uko kwenye kuinua injini. Kuinua ni cheni bloku na vijana wawili. Ugumu uko kwenye bamba. Giaboksi ya Land Rover na injini ya Toyota hazijuani, matundu ya boliti hayalingani hata moja, kwa hiyo katikati yake unachonga bamba nene la chuma la kuziunganisha. Bamba hilo lisipokaa sawasawa, shafti inayotoka kwenye giaboksi na kuingia nyuma ya kranki inakwenda upande. Hata unene wa karatasi unatosha kuleta shida: beringi italia, klachi itatetemeka, gia itaanza kuruka. Nilikuwa na mchonga vyuma mmoja ambaye bamba lake sikuwahi kulirudisha. Akiwa kwenye mashine hasemi, na hataki mteja asimame nyuma yake. Huyo nilimlipa kabla sijajilipa mwenyewe. Baada ya bamba, mengine ni ya kupima na kuchomelea: maunti za injini, bomba la moshi, na sampu, maana ya Hiace haina umbo la ile ya Hilux, na chini yake kuna difu ya mbele inayopanda na kushuka na springi.

Nilikogombana na wateja ni kwenye breki. Injini ya petroli ikivuta hewa inaacha mvuto kwenye manifodi, na buusta ya breki inaishi kwa mvuto huo. Dizeli haina mvuto wa namna hiyo. Ndiyo maana Toyota walifunga pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya altaneta. Fundi mwenye haraka anafunga altaneta yoyote aliyoipata, anaziba mpira wa buusta, gari linaondoka likinguruma vizuri. Dereva atagundua akiteremka kutoka Karatu, Ziwa Manyara liko chini yake na pedali imegoma. Mwenye magari mmoja aliniambia, "Fundi, breki zipo, wewe nifungie injini." Nikamjibu, "Bosi, kupanda utapanda. Nani atakushusha?" Gari lake halikutoka getini mpaka alipolipia breki zote, magurudumu manne.

Wapo waliotaka kubwa zaidi: 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, cc 4,164. Hao niliwakatalia. Giaboksi ya Series haikuundwa kwa mzigo huo, na urefu wa injini unakulazimisha kusogeza rejeta. Kiwanda chenyewe, kilipoweka V8 ya lita 3.5 kwenye 109 mwaka 1979, kilisogeza sura ya gari mbele, kikabadili giaboksi, na bado kikaipunguza injini ile hadi farasi 91. Wenye gari waliogopa, sembuse mimi wa Unga Limited? Anayetaka 1HZ anunue Land Cruiser.

Na injini isiyo na karatasi za forodha iache hukohuko dukani. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadili chuma bila kubadili kadi, siku ya kuuza utajieleza.

Siku hizi wanaoniletea Series III si madereva wa watalii. Ni watu wenye nafasi, wanaotaka gari la baba yao lisikike kama zamani. Wengine wananiomba niitoe Toyota niliyoifunga kwa mikono yangu na kurudisha ile ya petroli. Kazi hiyo naiweza, ila mara nyingi injini ya asili ilishauzwa chuma chakavu, kwa kilo. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kufunga injini kubwa, nakuomba: ile ya zamani imwagie oili kwenye silinda, ziba matundu yote, iweke stoo juu ya mbao, na utunze nakala ya kadi yenye namba yake.