Mpapai wa Binti Yangu

Mwaka jana, hapa Nyarugusu, binti yangu alisugua mbegu za papai na majivu kuondoa utelezi, akazianika kivulini, akapanda chache kwenye kopo la mafuta ya mgao. Wiki ya tatu zikaota. Mche mmoja ukafika kiunoni.

Halafu majani ya juu yakatoa mabaka ya manjano, yakawa membamba kama kamba. Nilidhani ni kiu, nikazidi kumwagilia. Kumbe ni virusi, vidukari ndio wanaosambaza, na dawa hakuna. Jirani akasema, "Dada, ung'oe kabla ugonjwa haujafika kwangu."

Binti alilia, na mimi roho iliniuma. Tuliung'oa jioni, tukauchoma.

Mbegu sita zimebaki. Ugonjwa ule haupiti kwenye mbegu, basi mvua zikianza tutazipanda, mbali na maboga maana nayo huupata.