Kulipia likizo ili upike

Wasee, auntie yangu wa Marekani ako na pointi za Disney Vacation Club. Si nyumba, ni pointi. Kila mwaka anapewa zake, anazibadilisha na siku za kulala pale Old Key West, ndani ya Disney World, Florida. Mkataba unaisha 2042. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, na kodi ya mwezi ujao sijaiona, hiyo 2042 ilinichekesha.

Nikamuuliza kwa simu: "Auntie, kwani unalipa ada kila mwaka ndio uende kupika?"

Maana yeye studio hataki, ati ina maikrowevu na kafriji tu. Anataka ile ya chumba kimoja, iko na jiko kamili na mashine ya kufua, hata kama inakula pointi karibu mara mbili. Nafasi zikifunguliwa miezi 11 kabla, yuko macho. Ukingoja ibaki miezi 7, wenye pointi za hoteli zingine nao wanaruhusiwa kuingia, na hapo manze ni kung'ang'ania.

"Huku nyumbani kila mtoto anakula saa yake, mimi niko kazini," akasema. "Huko nasonga ugali, tunakaa meza moja. Unga nabeba kwa sanduku."

Nilinyamaza. Mathe alikuwa anafunga duka saa nne usiku, mimi nishalala.

"Na sofa ya sebuleni inakunjuka kitanda," auntie akaongeza. "Wewe tafuta viza."