Kirangozi katika Waya Mbili

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitafsiri, hapa Tabora, mwongozo wa mafundi wa kidhibiti cha pampu ya maji inayoendeshwa kwa umeme wa jua. Ndani ya kisanduku hicho mna programu iliyopachikwa, ambayo mtumiaji haioni na ambayo hufanya kazi yake moja usiku na mchana. Istilahi nyingi hazikunisumbua. Baiti, anwani, kihisi, saketi: hizo zimekwisha kupata uraia. Iliyonikwamisha ni jozi moja waliyoizoea wahandisi wa Kiingereza kwa miongo mingi: bwana na mtumwa.

Jozi hiyo ilitumika kueleza I2C, utaratibu wa mawasiliano uliobuniwa na Philips mwaka 1982. Vifaa kadhaa hushirikiana waya mbili, mmoja wa data na mmoja wa mapigo ya saa. Kimoja hupiga mapigo na kuanzisha mazungumzo. Vingine hunyamaza mpaka viitwe kwa anwani zao.

Kuandika "mtumwa" katika mwongozo wa pampu ni vigumu Tabora. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo walipita hapa. Mwenzangu mmoja alitetea neno hilo kwa sarufi: mtumwa ni aliyetumwa tu, ndugu yake mtume. Hoja tamu masikioni. Ila mwongozo wetu una "tuma" karibu kila ukurasa, kwa maana ya kupeleka data. Fundi akikuta "kitumwa" atadhani ni data yenyewe iliyotumwa, kumbe ni kifaa kinachoipokea, naye atatafuta hitilafu mahali pasipo na hitilafu. Neno la namna hiyo halifai hata lingekuwa halina historia.

Kampuni ya NXP, iliyourithi utaratibu huo kutoka Philips, iliiacha jozi ya zamani katika toleo la mwaka 2021. Sasa inasema, kwa Kiswahili changu, mdhibiti na mlengwa. Kwetu hilo halisaidii sana: kidhibiti tayari ni jina la kisanduku kizima, na mlengwa, puani mwangu, hunuka baruti.

Nikageukia barabara ya zamani. Msafara ulitanguliwa na kirangozi, aliyeijua njia na kuupanga mwendo. Nyuma yake walifuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliolipwa ujira kwa kubeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32. Kuwaita wote watumwa, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi, ni kuwanyang'anya kazi yao. Njiani waliimba: mmoja akitoa, wengine wakiitikia.

Basi nimeandika kirangozi na kiitikiaji. Kifaa kikisikia anwani yake huitikia kwa biti moja, ya tisa, baada ya nane za mwito. Biti hiyo nimeiita kiitikio. Washairi mtaniwia radhi. Fundi kijana aliniuliza, "Mwalimu, kirangozi ndiyo mdudu gani?" Swali hilo lilinifurahisha. Neno lisilo na shughuli nyingine leo ndilo jepesi kupewa kazi. "Kiongozi" kila mtu ana wake kichwani, na si wote wa kusifiwa.

Limebaki jambo moja. I2C humruhusu kiitikiaji aliyeelemewa aushikilie waya wa saa, na kirangozi hana budi kungoja. Jina la mtumwa lisingekubali haki hiyo. Wapagazi walikuwa nayo: walitua mizigo, wakagoma mpaka maneno ya posho yaishe. Pembeni mwa ukurasa nimeandika kwa penseli "kutua mzigo", lakini mzigo humu ni data, na kifaa hakijautua. Kimesimama nao begani. "Kusimamisha mapigo" ni sahihi zaidi, ingawa litamtisha muuguzi. Mwenye la tatu na alilete kabla mwongozo haujaenda kiwandani.