Samaki wa Chini



Ijumaa moja ya Kwaresima mpishi wetu aliugua, tukaenda wenyewe Kanyenye kutafuta kitoweo. Chini ya mwembe mkongwe, wa jamii ile ambayo watu wa Tabora huihesabu kuwa urithi wa misafara ya pembe na watumwa, alikaa bibi mmoja Mwislamu ambaye kwa miaka mingi amewalisha Wakatoliki katika siku zao za kujinyima. Tulitia mkono kapuni bila kutazama, tukautoa una damu.

“Padri, huyo hashikwi hivyo,” alisema bibi akificha kicheko kwa ncha ya kanga. “Huyo ni ngogo. Hata akikaushwa bado anajitetea.”

Ni kweli. Ngogo, ambaye kwingine huitwa gogogo, ana miiba mitatu: mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Akitishwa huisimamisha na kuikaza. Akishikwa, husugua mwiba wa ubavuni katika kiungo chake akatoa sauti ya kukwaruza. Hana magamba. Ana jozi tatu za sharubu. Zile za chini zina matawi kama mizizi, nazo hupapasa sakafu ya mto usiku zikitafuta viluwiluwi vya wadudu na masalio ya kila namna.

Tukihubiri mfano wa wavu (Mt 13:47-50) tulizoea kusema kwamba samaki waliotupwa walikuwa wameoza. Lakini Ziwa la Galilaya nalo lina kambale, ndugu yake ngogo, na asiye na magamba alikatazwa na Torati (Law 11:9-12). Huenda waliotupwa walikuwa wazima kabisa! Wavuvi wetu hawatupi kitu.

Samaki wa bibi walitoka Ugalla. Mto huo humwaga maji yake Malagarasi, mto ambao Burton na Speke, wakitoka Tabora waliyoiita Kazeh, waliuvuka mwaka 1858 baada ya kulipa ushuru wa kivuko. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, yenye hekta 3,250,000, ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Bibi alifungua kiganja. Ngogo aliyelala humo hakufika kwenye vidole.

“Zamani wa namna hii hawakuletwa sokoni,” alisema.

Mvuvi mwenye wavu wa macho madogo ana lawama yake. Sisi wa nchi kavu tunayo yetu. Tumbaku ya mvuke hukaushwa mabanini kwa moto wa kuni, na kwa ajili yake miombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge imekatwa sana. Ardhi ikibaki uchi, mvua ya kwanza huubeba udongo hadi mtoni. Tope hufukia mianya ya mawe na mizizi ambamo wadudu huishi na samaki hujificha mchana. Ngogo hupoteza meza na kitanda kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo tulipokwama, maana baadhi ya mabati ya vigango vyetu yamenunuliwa kwa msimu mzuri wa tumbaku. Tuliyanyunyizia maji ya baraka kwa furaha, wala hatukuuliza habari za maji ya mto.

Jumapili iliyofuata tulimtaja ngogo katika mahubiri, kwenye kigango cha wakulima. Baada ya Misa katekista, mzee wa makamo ya baba yetu, alitusubiri mlangoni.

“Baba Paroko, miti tutapanda,” alisema. “Lakini mti haukui kwa msimu mmoja. Mwaka huu tukaushie nini?”

Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kurudi kabla mabani hayajawashwa, na kidonda cha mkononi kilikuwa bado hakijapona.