Ufa Katika Mzizi wa Gego

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, ufa uliojificha ndani ya mzizi wa jino utazibwa na nani, ilhali mwenye jino hauoni wala hajui aulizeje habari zake?

Miezi kadhaa baada ya gego langu kutibiwa mizizi kwa mashine, lilianza kuniuma kila nilipotafuna. Daktari wa pili aligundua kuwa mzizi mmoja umepasuka kwa wima. Likang'olewa. Chanzo hakikuthibitishwa, nami simlaumu mtu.

Nilisoma baadaye kwamba kifaa kinachosafisha mfereji wa mzizi ni tupa nyembamba mno. Mmarekani Edward Maynard anatajwa kuunda ya kwanza mnamo 1838 kutokana na springi ya saa. Kwa muda mrefu tupa hizo zilizungushwa kwa mkono. Mnamo 1988 zikaelezwa tupa za nikeli na titani, zinazopindika kwa urahisi. Katika miaka ya 1990 zikafungwa kwenye mota. Kazi ikawa nyepesi, lakini tupa ya mota yaweza kukwama ikakatika, au kuukwangua ukuta wa mzizi kupita kiasi. Tafiti za 2009 kwa meno yaliyong'olewa zilionyesha nyufa palipotumiwa mashine, wala si palipotumiwa mkono. Hata hivyo, utafiti wa 2014 uliopiga picha za eksirei kabla na baada ya kazi ulibaini kuwa nyufa zilikuwapo tangu awali. Wataalamu wangali wakijadiliana.

Mgonjwa naye atashirikije mjadala huu? Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Siku ya kung'olewa gego, mzee mmoja aliniomba nimfasirie fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nilitumia maneno ya karakana: tupa, mfereji, ufa. Papo hapo akauliza, "Na tupa ikikatikia humo, mwanangu, itatolewaje?" Daktari alilazimika kuketi na kumjibu.

Wanachama wenzangu, istilahi si pambo la kamusi. Neno lililoeleweka ndilo lililompa mzee yule swali, na ridhaa isiyotanguliwa na swali ni sahihi tupu.